Malimau ya Nta

Dalali alipita chumba kwa chumba, viatu mkononi,
Bi Darlene Kowalchuk, na soksi zake za njano,
akasimama ukumbini, akanusa.
"Bwana Reijo, nyumba hii inanukia mtu."
Nikamwambia: mtu mwenyewe ni mimi.
Akacheka. Akaandika.

Tukaanza na picha. Zote zishuke, alisema,
ili mnunuzi akitazama ukuta ajione yeye.
Akashuka Aune na kofia yake ya sufu,
akashuka Kaisa, mapengo mawili, mwaka ule wa surua,
nikashuka mimi na wenzangu wa ghala la ngano,
vumbi limetupaka weupe kama watu waliofufuliwa
kabla ya zamu kwisha.
Nikang'oa misumari. Yakabaki matundu.
Nikayaziba kwa lipu na kidole gumba,
nikapaka juu yake rangi ambayo kopo linaiita Pumzi ya Alfajiri.
Ni nyeupe. Nina miaka sabini na minane hapa Thunder Bay,
nyeupe naijua; huku inaanguka bure miezi mitano.

Nje, Aprili inafichua aibu.
Theluji inatapika kila ilichomeza tangu Novemba:
glavu moja, mavi ya mbwa nisiyemfuga,
na reki niliyomsingizia Pelletier kwamba kaiiba.
Nikaiingiza bandani usiku, mimi sasa ndiye mwizi.
Radhi nitamwomba nyumba ikishauzwa.

Sauna aliyoijenga baba ameibatiza "kituo cha ustawi".
Humo ndimo mama alimomzalia Tauno,
humo tulimwosha baba, maji ya uvuguvugu, mlango wazi.
Hayo hayakuingia kwenye tangazo.

Kisha friza.
"Friza inauzwa na nyumba," alisema, "iwe tupu."
Mifuko mitatu ya beri za buluu, mwandiko wa Aune:
Agosti. Nyuma ya reli. Dubu alikuwepo, tukagawana.
Miaka sita yameganda humo,
halijaharibika hata neno.

Jumamosi, saa saba, nikafukuzwa kwangu kwa saa mbili.
Bi Darlene alipanga malimau ya nta kwenye bakuli
(Aune alikuwa hanunui zaidi ya limau moja,
na hilo moja lilimaliza wiki),
akatundika taulo za kutazamwa, si za kufutia,
akawasha mshumaa wenye harufu ya mkate
katika jiko lililooka mkate kila Alhamisi.
Nikakaa ndani ya pikapu ng'ambo ya barabara,
mfuko mmoja wa beri ukiyeyuka mapajani,
nikawahesabu wageni.
Wapo waliogonga kuta kwa vidole kama madaktari.
Yupo aliyetoka upesi, simu sikioni, akitikisa kichwa.
Na mwanamke mmoja mwenye mimba alisimama dirishani,
pale pale, mkono kiunoni, akiangalia nje,
nami nikainama chini ya usukani
kama mtu aliyefumaniwa.

Nilirudi saa tisa na robo. Nyumba inang'aa, haina mwenyewe.
Ila bakulini, limau la juu limeng'atwa:
meno manne madogo, mawili juu, mawili chini,
yalizama ndani ya nta, yakatoka.
Kati ya watu kumi na tisa, mmoja aliamini.

Simu ikalia. Kesho wanakuja wengine, asema Bi Darlene,
je, nimeona kasoro yoyote?
Hakuna, nikamjibu,
huku nafuta kinywa kwa taulo ya kutazamwa,
zambarau ikitambaa kwenye weupe wote ule.